John Herschel: Mzee wa nyota aliyetufunza kuosha picha

Kamera za mkanda zimerudi, wasee. Zile za kizamani kabisa ambazo mpiga picha wa mtaa alikuwa anabeba harusini. Na si picha za kusimama tu. Katika miji mingi duniani kuna vijana wanaokutana wikendi kwenye warsha, wanapiga filamu ya milimita 16, kisha wanaiosha wenyewe ndani ya ndoo kwenye chumba chenye giza. Wengine wanatumia kahawa, wengine majani ya mnanaa, wengine maua waliyochuma hapo nje. Baada ya dakika chache picha inajitokeza. Ukiona mara ya kwanza utadhani ni uganga.

Neno lenyewe unalijua, au mzazi wako analijua. Kabla ya simu kuchukua kila kitu, ulikuwa unapeleka mkanda studioni ukaoshwe, halafu unangoja siku kadhaa ndipo ujue kama ulifumba macho. Kiswahili kilichagua vizuri hapo. Kuosha picha. Lakini ukiosha kitu, uchafu huenda na maji. Ndiyo maana kwenye warsha hizi kuna swali moja ambalo halikwepeki: haya maji tuliyoosha nayo filamu, tuyamwage wapi?

Ili ulielewe swali hilo, inabidi umjue Mwingereza mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita. Anaitwa John Herschel. Ndiye aliyegundua dawa ambayo mpaka leo inafanya picha ya filamu ibaki bila kufutika. Na ni yeye pia aliyewahi kutengeneza picha kwa chuma na maji matupu, na nyingine kwa juisi ya maua. Zote hizo kabla ya mwaka wa 1843.

Nyumba ya darubini

Herschel alizaliwa Machi 7, 1792, huko Slough, magharibi mwa London. Kwao hakukuwa kwa kawaida. Babake, William, alikuwa mwanamuziki kutoka Hanover, Ujerumani, aliyehamia Uingereza, akaanza kuunda darubini zake mwenyewe, na mwaka wa 1781 akagundua sayari ya Uranus. Shangazi yake, Caroline, alikuwa akikesha usiku kutafuta nyota zenye mkia, na alizipata kadhaa. Uani palikuwa na darubini ambayo bomba lake lilikuwa na urefu wa futi 40. Sasa fikiria wewe ndiwe mtoto wa pekee katika boma hilo, na kila mgeni akija anakuuliza utakuwa nani ukikua.

Kijana alienda Cambridge, na mwaka wa 1813 akaibuka wa kwanza katika mtihani mkuu wa hisabati. Rafiki yake wa chuo alikuwa Charles Babbage, yule aliyekuja kubuni mashine za kukokotoa ambazo watu huzitaja wakizungumzia asili ya kompyuta. Herschel alijaribu kusomea uanasheria jijini London, akaona si njia yake. Moyo wake ulikuwa kwenye kemia na mwanga. Lakini baba alikuwa amezeeka, na kazi ya nyota ilihitaji mtu. Mwaka wa 1816 akarudi nyumbani kumsaidia mzee.

Hata hivyo kemia hakuiacha. Kwenye maabara yake mwenyewe alikuwa anachanganya vitu usiku na mchana, na mwaka wa 1819 akachapisha jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani: kuna chumvi fulani, leo wataalamu wanaiita sodiamu thayosalfeti, ambayo ikiwekwa majini inayeyusha chumvi za madini ya fedha. Zinayeyuka kama sukari kwenye chai. Wapiga picha walikuja kuipa jina la mkato, na kwa matamshi yetu jina hilo ni haipo. Ndiyo, haipo. Kama vile Mswahili ndiye aliyelibuni.

Kwa nini haipo ni muhimu? Filamu imepakwa utando mwembamba uliojaa chembe za chumvi za fedha. Mwanga ukizigusa, chembe hizo hubadilika kidogo sana, huwezi hata kuona. Dawa ya kwanza ya kuosha inazigeuza zilizoguswa kuwa fedha yenyewe, nyeusi. Hiyo ndiyo picha. Shida ni zile chembe ambazo hazikuguswa: bado ziko pale, na bado zina njaa ya mwanga. Ukitoa filamu nje kwenye jua, nazo zitaanza kuwa nyeusi na picha yako itakwenda na upepo. Jambo hili lilikuwa limewashinda watu tangu mwaka wa 1802, wakati Thomas Wedgwood na Humphry Davy walipofaulu kunasa vivuli vya majani kwenye karatasi lakini wakalazimika kuviangalia kwa mwanga hafifu, kwa sababu mchana ungevifuta.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kwenye maandishi ya Herschel kwa miaka 20. Hakuna aliyeiunganisha na picha, hata yeye mwenyewe.

Miaka minne Afrika

Babake alifariki mwaka wa 1822. Herschel aliendeleza kazi ya nyota, akamwoa Margaret Brodie Stewart mwaka wa 1829, na wakaja kujaliwa watoto 12. Lakini mzee William alikuwa ameacha kazi nusu. Kutoka Uingereza huwezi kuona anga yote. Nyota za upande wa kusini hazionekani kutoka huko. Basi Novemba 1833 Herschel akapakia familia na darubini ya futi 20 melini, akashika njia ya Afrika Kusini kwa gharama zake mwenyewe.

Walifika Cape Town Januari 1834, wakakaa mahali panapoitwa Feldhausen, chini ya Mlima Table. Cape ilikuwa koloni la Waingereza, na utumwa ulifutwa huko kisheria Desemba mwaka huo huo, yeye akiwapo. Usiku alihesabu nyota, na orodha aliyochapisha mwaka wa 1847 ilikuwa na makundi ya nyota na mawingu ya angani zaidi ya 1,700, pamoja na nyota pacha zaidi ya 2,000. Mchana alikuwa kwenye bustani. Alikuwa na kifaa kidogo cha kioo kinachokuonyesha kitu juu ya karatasi ili ukichore kwa penseli. Yeye alichora maua ya Cape kwa usahihi, na Margaret akayapaka rangi. Walifanya zaidi ya michoro 100 kwa pamoja. Tunza habari hii ya maua, tutairudia.

Akiwa huko, jina lake likatumiwa vibaya. Agosti 1835, gazeti moja la New York, The Sun, lilichapisha mfululizo wa habari kwamba Herschel, kupitia darubini mpya, ameona watu wenye mabawa ya popo wakiishi mwezini. Uongo mtupu, lakini gazeti liliuzwa kama mahindi ya kuchoma wakati wa mvua. Mwenyewe alikuja kusikia baadaye sana, kwa kuwa habari ilisafiri kwa meli. Kwa hivyo ukisikia watu wakisema habari feki zililetwa na mitandao, waambie zina umri mkubwa.

Mwaka wa 1836 kijana mmoja aliyekuwa akizunguka dunia kwa meli alipita Cape, akaenda kumsalimia. Jina lake Charles Darwin. Tutakutana naye tena mwishoni.

Wiki moja ya Januari

Herschel alirudi Uingereza mwaka wa 1838. Januari 7, 1839, ikatangazwa jijini Paris kwamba Louis Daguerre amefaulu kunasa picha kwa kamera. Namna alivyofanya ilifichwa. Habari zilimfikia Herschel mwezi huo ukielekea kuisha, bila maelezo yoyote ya kiufundi. Jamaa hakungoja maelezo. Aliingia maabara, akajiuliza mwenyewe ni nini kinachohitajika, akakumbuka ile chumvi yake ya 1819, na kabla ya Januari kwisha alikuwa na picha kwenye karatasi, imeoshwa na haifutiki. Alichopiga ni ile darubini kuukuu ya babake, iliyokuwa bado imesimama uani.

Mwanzoni mwa Februari akatembelewa na Henry Fox Talbot, Mwingereza mwenzake aliyekuwa akihangaika na picha za karatasi kwa miaka kadhaa. Talbot alikuwa anazuia picha zisifutike kwa kutumia chumvi ya kawaida, ile ya jikoni, iliyokolezwa sana. Ilisaidia, ila si kikamilifu. Herschel akamwonyesha haipo inavyofanya kazi. Hapo hapo, bila masharti. Talbot aliomba ruhusa ya kuwaeleza wengine, akaruhusiwa, na muda si mrefu habari zikafika Ufaransa na Daguerre naye akaanza kuitumia.

Angalia vizuri hapa. Serikali ya Ufaransa ilimpa Daguerre malipo ya kila mwaka maisha yake yote. Talbot alisajili hataza ya mbinu yake mwaka wa 1841, na aliyetaka kuitumia Uingereza kama biashara alilazimika kumlipa. Herschel, mwenye dawa ambayo wote wawili waliihitaji, hakudai hata senti. Ni kweli alikuwa na mali ya kurithi na hakulala njaa. Lakini wenye mali ni wengi na wanaogawa bure ni wachache.

Hata maneno aliyagawa. Neno fotografia lilienea baada ya yeye kulitumia mbele ya wanasayansi wa Royal Society Machi 1839. Negativu na positivu, maneno yanayotumika katika kila studio, tumeyapata kwake.

Picha za maua

Mwaka wa 1840 familia ilihamia Hawkhurst, Kent. Watoto wengi, bustani kubwa, na baba ambaye hakuweza kutulia. Hapo ndipo Herschel alipofanya kazi ambayo watu wa warsha za leo wanaipenda kuliko zote.

Alijiuliza: je, lazima tutumie fedha? Madini ni ghali, na jua linabadilisha vitu vingi. Pazia linapauka. Kitambaa chekundu ukikianika kila siku kinakuwa cha waridi. Basi akachuma maua bustanini, akayaponda, akachanganya na pombe kali kidogo, akachuja na kupaka juisi kwenye karatasi. Akaweka juu yake mchoro uliochapishwa, akaacha juani. Palipopigwa na jua palipauka, palipokingwa pakabaki na rangi. Hiyo ni picha kamili iliyotengenezwa na ua, na haina maji machafu ya kumwaga. Ilikuwa na kasoro mbili. Ilichukua siku nyingi, hata wiki. Na haikuwa na haipo yake: hakuna dawa ya kuizuia isiendelee kupauka, lazima uiweke gizani.

Mwaka wa 1842 akajaribu chumvi za chuma. Ukipaka mchanganyiko wake kwenye karatasi, ukauweka juani na jani juu yake, kisha ukaosha kwa maji tu, unabaki na picha ya buluu iliyokolea, na hii haifutiki ovyo. Ni mbinu ile ile iliyokuja kutumiwa na wachora ramani za majengo na mashine kwa miongo mingi; karatasi zile za buluu zenye mistari myeupe ni wajukuu wa Herschel.

Aliyeifaidi kwanza ni mwanamke. Anna Atkins, ambaye babake alikuwa rafiki wa Herschel, alikusanya mimea ya baharini, akailaza juu ya karatasi hizo, na mwaka wa 1843 akaanza kutoa kitabu cha picha zake. Ndicho kitabu cha kwanza duniani kuwa na picha za fotografia. Huyu hakuhitaji kamera. Alitumia jua, mimea na maji.

Basi kufikia 1843 njia zote zilikuwa mezani: ya fedha na haipo, ya chuma na maji, ya maua na subira. Unajua ni ipi iliyoshinda. Watu walitaka sura zao, na mtoto hawezi kukaa juani wiki nzima bila kutikisika. Fedha ilikuwa ya haraka. Na sinema ilipokuja mwaka wa 1895 haraka ikawa sharti, kwa sababu kamera ya sinema inapiga picha nyingi kila sekunde. Karne nzima ya filamu, kutoka Hollywood hadi Bombay, imepita kwenye ndoo ya haipo.

Miaka ya mwisho ya Herschel haikuwa ya raha sana. Kati ya 1850 na 1855 alisimamia kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, kazi iliyomchosha na kumharibia afya. Mwaka wa 1867 rafiki yake wa tangu Cape, mpiga picha Julia Margaret Cameron, alimpiga picha akiwa mzee, nywele nyeupe zimesimama kama moshi. Tafuta picha hiyo, utaitambua. Alifariki Mei 11, 1871, akazikwa Westminster Abbey karibu na Isaac Newton. Miaka 11 baadaye akaletwa jirani mpya wa kaburi: yule kijana wa Cape, Darwin.

Haipo, lakini ipo

Turudi kwenye ndoo yetu. Mwaka wa 1995, wanafunzi na mwalimu wao katika chuo cha Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya kawaida ya unga inaweza kuosha filamu. Kahawa ina asidi zinazofanya kazi ya dawa ya dukani. Unaongeza soda ya kufulia ili zipate nguvu, na watu baadaye wakaongeza vitamini C ili mambo yaende kasi. Robo saa hivi, filamu iko tayari. Mimea mingine mingi ina kemikali za aina hiyo, ndiyo sababu katika shamba moja huko Ontario, Canada, linaloitwa Film Farm, wapiga filamu hukusanyika ghalani na kuosha kazi zao kwa maua ya hapo hapo.

Sasa wewe Mkenya, hesabu. Kahawa tunalima Nyeri na Kirinyaga. Soda inachimbwa na kusafishwa Ziwa Magadi, pale Kajiado. Vitu ambavyo wenzetu wananunua kwa oda viko nyuma ya nyumba.

Lakini usidanganyike na harufu nzuri. Kahawa inachukua nafasi ya dawa ya kwanza tu, ile yenye haidrokwinoni, ambayo ni sumu kwa samaki. Baada ya kahawa bado unahitaji kuondoa zile chembe zenye njaa, na hapo ni Herschel tena. Haipo yenyewe si kali. Inakuwa mbaya baada ya kufanya kazi, kwa kuwa fedha yote iliyotoka kwenye filamu sasa imo ndani yake. Kwenye picha, fedha haipo. Kwenye ndoo, ipo. Ukiimwaga kwenye sinki, umeituma safari: mtaroni, Mto Nairobi, Athi, Galana, Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Viumbe wadogo wa majini hawaipendi kabisa.

Ndiyo maana watu makini wa warsha hizi hawamwagi. Wanaweka ile dawa iliyotumika kwenye mtungi, wanaiandika jina ili mtu asidhani ni maji, na wanatumbukiza waya laini wa chuma, ule wa kusugulia sufuria. Chuma kinaingia kwenye maji, fedha inatoka na kushuka chini kama matope meusi, na matope hayo yanaweza kupelekwa kwa wanaosafisha madini. Wengine wamerudi kwa Talbot: wanatumia chumvi ya jikoni iliyokolea, wanaacha filamu humo kama siku nzima. Ni polepole, na maji yake nayo yana fedha, kwa hivyo nayo yanawekwa. Kuoga kwa kahawa hakumpi mtu ruhusa ya kuchafua mto.

Kama huna kamera wala pesa ya filamu, anza alipoanzia yeye mwaka wa 1842. Chukua manjano ya unga jikoni, koroga na spiriti, mbali na moto. Chuja kwa kitambaa, paka kwenye karatasi nzito, kausha kivulini. Weka jani la mwembe au la mpapai juu, bandika kioo, anika juani saa kadhaa. Utakapoinua jani utaikuta picha yake ya njano kwenye karatasi iliyopauka. Haitadumu milele, kwa hivyo iweke ndani ya kitabu. Na ukimaliza, tazama kama kuna maji yoyote ya kumwaga.